Mchanga Ndani ya Bomba

Ouko alikuwa fundi baiskeli asiyejua kusema uongo, na kwa mahali kama Nyabunyagi hicho ni kilema kibaya kuliko kukosa mguu. Ukimpelekea baiskeli akaiona imekwisha, alikwambia imekwisha, hata kama umeikokota tangu Ikoma na jasho bado linakutoka. Wateja walinuna, wakaenda kwa mafundi wenye maneno matamu, wakaangushwa njiani na mizigo yao, kisha wakarudi kwake wanachechemea. Aliwapokea bila kuwacheka. Kuwacheka ilikuwa kazi yangu.

Mimi ni Agustina, mtu wa Mbalibali, na mdomo wangu hauna pazia. Pale machimboni walioogopa mdomo wangu walikuwa wengi kuliko walioogopa sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Nilifika Nyabunyagi mwaka tisini na nne, mume wangu akiwa ameshafariki, na watoto watatu nyuma yangu, mkubwa wao Ezekiel. Watu walikuwa wanamiminika kwenye vile vilima vinavyotenganisha Tarime na Serengeti, wengine kutoka Musoma na Geita, wengine kutoka ng'ambo ya Sirari na Kiswahili chao cha Kenya, kila mmoja akiamini dhahabu yake iko juujuu tu inamngoja. Wanaume walishuka mashimoni. Sisi wanawake tulitwanga.

Kutwanga ni kazi ya kukaa chini. Unapewa mawe yaliyotoka shimoni, unayaponda kwa nyundo yawe kokoto, unayatia kwenye kinu cha chuma na kuyatwanga mpaka yawe unga laini kama wa ulezi. Unachekecha, na unga unakwenda kuoshwa na wenye shimo. Vumbi linaloruka na kutua kando ya kinu tulilifagia jioni, nalo lilikuwa letu. Ndiyo desturi niliyoikuta. Ukilikusanya wiki kadhaa ukaliosha, unapata chembe ya kununulia chumvi na madaftari ya watoto. Tuliliita vumbi la ufagio.

Kisha mzee Wangwe, mwenye shimo tulilotwangia, alipokaa miezi mitano bila shimo lake kutoa kitu, akapiga marufuku. Alisema tunatwanga vibaya makusudi ili mawe yaruke. Mwenzetu mmoja, Boke, alikamatwa na kikombe kimoja tu cha vumbi hilo. Walimchapa, wakabomoa kibanda chake, akaondoka mchana huohuo na godoro kichwani. Mimi sikuacha kufagia. La kwangu nililificha ndani ya kopo la mafuta ya kula, nyuma ya mafiga, na juu yake nikapanga kuni.

Zilpa, mke wa Ouko, alikaa kinu cha pili kutoka changu. Alikuwa Mjaluo wa Kowak, mrefu, mcheshi, na aliimba nyimbo za kanisani kwa kufuata mapigo ya mtwangio. Vumbi lile halina adabu. Ukishinda ndani yake linahamia kifuani. Alikohoa, wakamtibu kifua kikuu, akapona. Akarudi kwenye kinu kwa sababu hapakuwa na kazi nyingine, na kifua kikarudi naye.

Mara ya pili si kama ya kwanza. Mara ya pili ni sindano kila siku ya Mungu kwa miezi miwili, na vidonge juu yake. Zahanati iliyokuwa na dawa hizo ilikuwa ya wamisionari, upande wa kwetu Mbalibali, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli. Kupanga chumba karibu na zahanati kulishindikana, maana mtu mwenye kikohozi kile hakuna anayempangisha. Nesi aliwakalisha wote wawili akawaambia maneno ambayo Ouko alinirudia kama alivyoyasikia: "Sindano sitini. Mkiruka siku, wadudu wanazoea dawa. Wakishazoea, mimi sina nyingine ya kuwapa."

Basi Ouko akawa mtu wa safari. Alikuwa na baiskeli moja, ya Kichina, nyeusi, aliyoiunganisha mwenyewe kutoka mabaki ya baiskeli tatu. Kwenye karia alifunga nondo mbili na ubao ili Zilpa apate pa kuegemeza mgongo, akakunja blanketi juu yake. Kila asubuhi walitoka, kila mchana walirudi, kisha ndipo akafungua kazi. Vijana walimtania, "Fundi, bibi harusi unampeleka wapi kila siku?" Yeye alijibu, "Sindano," wala hakucheka, na utani ukafa. Zilpa ndiye aliyecheka. Kufikia sindano ya ishirini alikuwa ameanza kula ugali na kumaliza, na mashavu yakaanza kurudi. Mimi niliyaona kwa macho yangu. Dawa ilikuwa inafanya kazi.

Siku ya sindano ya thelathini na moja, Ouko aliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya banda lake, akamsaidia mkewe kuingia ndani. Kwenye shimo la Wangwe walipiga filimbi ya baruti. Tukakimbia kama kawaida, tukajikunyata nyuma ya ukuta. Mlipuko ukalia, mawe yakapaa, na jiwe moja la ukubwa wa kichwa cha ndama likatua juu ya baiskeli ya Ouko.

Tulipotoka, alikuwa amepiga magoti. Jiwe lilikuwa limepiga bomba la chini, lile nene linaloshuka kutoka kwenye usukani kwenda kwenye pedali. Bomba lilikuwa limebonyea ndani, shimo la kuenea kidole gumba. Ouko alilipapasa kwa vidole viwili, akafumba macho.

"Nyasaye," alisema. Ni Mungu, kwa lugha yao.

"Si bonyeo tu, baba Akech?" nikamwambia. Akech ni binti yao, aliyekuwa kwa bibi yake Shirati. "Mbona wewe umezigonga mbaya kuliko hii?"

"Bomba la juu likibonyea unaenda nalo mpaka uzeeni. Hili la chini ndilo linabeba. Nikimpakia mtu, linajikunja hapahapa, usukani unamfuata. Nitamuua kabla kifua hakijamuua."

Alikwenda kwa mzee Wangwe kwa heshima zote, shikamoo na kofia mkononi. Mzee akamjibu kwamba machimbo yana mawe, na mawe yana tabia ya kuruka. Akazunguka kuomba baiskeli ya kuazima. Watu ambao alikuwa amewatengenezea kwa kuambiwa nitakuona kesho, leo wote baiskeli zao zilikuwa na safari. Waliogopa kikohozi, nami sitawasema sana, maana na mimi nina langu la kusemwa.

Alirudi akakaa juu ya sanduku lake la vyombo, akanieleza njia moja. Alifundishwa kazi na mjomba wake Okumu kule Migori, na huko aliona bomba lililobonyea likirudishwa. Unaziba mwisho mmoja kwa kigingi, unajaza mchanga, unaushindilia. Unapasha moto palipobonyea mpaka pawe pekundu, kisha unaingiza nondo upande wa pili na kuigonga kwa nyundo. Mchanga hauna pa kwenda, unasukuma ukuta wa bomba kutoka ndani, na bonyeo linatoka.

"Basi fanya," nikasema.

"Kwa mchanga upi?" Alionyesha nje. Ilikuwa Aprili, mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo, mchanga wote wa mtoni ulikuwa tope. "Ukiwa na maji, ukapata moto ndani ya bomba lililozibwa, linapasuka usoni. Ukiukausha kwenye karai, mkaa nilionao unatosha bomba tu, na kwa kuni hizi mbichi ni kazi ya siku mbili. Na uwe laini, bila kokoto. Kokoto moja inatoboa."

Zilpa alikohoa kule ndani.

Nilikwenda nyuma ya mafiga yangu nikatoa kopo. Lilikuwa vumbi la wiki saba, kavu kwa joto la moto, laini kiasi cha kupita kwenye kitambaa. Nilimwekea miguuni.

Alichovya kidole, akasugua, akanitazama. "Mama Ezekiel, hili ni la ufagio."

"Ni la kwangu. Chukua kabla roho yangu haijabadilika."

"Humu kuna kitu chako."

"Kitu changu kiko kitandani kinakohoa," nikasema. "Akipona tutalimimina, tutaliosha. Haya, washa moto."

Ninalisema hili mapema ili msomaji asije akasema sikumpenda Zilpa. Nilimpenda. Nilitoa kilichokuwa changu, tena kwa moyo mweupe, na siku ile ningeweza kutoa zaidi.

Alifanya kazi bila kupumzika mpaka jioni. Alivua magurudumu, akavua usukani, akang'oa ekseli ya pedali ili mdomo wa bomba uwe wazi. Akaziba juu kwa kigingi cha mti mgumu. Ndani ya banda, asituone mtu, akamimina vumbi kidogo kidogo, kila mara anagonga bomba kwa mpini wa bisibisi ili lishuke na kukaa. Alipowasha mkaa nilimzungushia feni yake ya mkono, ile aliyoitengeneza kwa rimu ya baiskeli, mpaka mabega yakaniuma. Bomba likawa jekundu kama pilipili iliyoiva. Hapo akaingiza nondo, akapiga. Alipiga kwa kipimo, anasikiliza, anapiga tena, na mimi niliona kwa macho yangu lile shimo linapanda, linajaa, linakuwa bomba. Akalifuata kwa kipande cha bomba kuukuu alichokipasua nusu, akiligongagonga juu yake ili liwe duara. Chuma cha moto kilimchoma kiganja cha kulia. Hakuacha.

Lilipopoa, alipitisha vidole, akatikisa kichwa. "Limerudi, lakini ukuta wake umekuwa mwembamba. Nikitoa mchanga litajikunja wiki hii hii."

"Kwa hiyo?"

"Mchanga ubaki. Ndio utakuwa mfupa wake mpaka sindano ziishe."

Akagongea kigingi cha pili, akafunga vyombo vyote. Kisha akaniambia nipande kwenye karia, maana mimi ni mzito mara mbili ya mkewe. Akanizungusha uwanjani huku watu wanashangilia na Zilpa amesimama mlangoni anacheka mpaka akajishika mbavu. Bomba halikutikisika. Sijawahi kumpenda fundi kama nilivyompenda Ouko jioni ile.

Asubuhi walikwenda. Wakaenda na kesho yake, wakaenda siku saba. Sindano ya thelathini na nane ikapita.

Sasa, kutoka Nyabunyagi kulikuwa na njia moja, na juu ya njia hiyo sungusungu walikuwa wamelaza gogo. Kila anayetoka alikaguliwa, mifuko, viatu, nywele, hata mdomo. Baiskeli ilinyanyuliwa juu ya gogo, mwenyewe akaendelea na safari. Siku zote Ouko alinyanyua ya kwake peke yake. Siku ya nane kile kiganja kilichoungua kilikuwa kimevimba, na kamanda wa sungusungu, Werema, akamwonea huruma.

"Lete, fundi, nikusaidie. Bibi yuko hoi."

Akainyanyua, akasita nayo hewani. Akaishusha. Werema alikuwa kijana mzuri, sina neno naye, lakini alikuwa na mikono iliyonyanyua baiskeli mia kwa siku. Akachukua rungu lake, akagonga bomba la juu. Likalia kengele. Akagonga la chini. Likalia dub.

"Mura," yaani kijana kwa Kikurya, "humu ndani kuna nini?"

"Mchanga," Ouko akasema.

"Mchanga wa nini?"

"Wa kushikilia bomba. Lilibonyea."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Ndiyo, hata mimi ningecheka. Mtu gani anajaza mchanga kwenye baiskeli, machimboni kwenye dhahabu, kisha anatoka nayo kila asubuhi? Mwongo angetafuta hadithi nzuri zaidi. Ouko alikuwa na ukweli tu, na ule ukweli ulikuwa na sura ya wizi.

Walimfungia kwenye banda lao siku tatu, mpaka watu wote wakusanyike kwa mkutano ule ambao Wakurya wanauita ritongo. Zilpa alijaribu kwenda zahanati kwa miguu siku ya kwanza. Alifika kijito cha kwanza, akakaa, akarudishwa na akina mama waliokuwa wanateka maji. Siku ya pili na ya tatu hakujaribu. Nilimpelekea uji. Aliniuliza, "Wameshamwachia?" nami nikasema kesho. Nilitwanga siku hizo tatu kuliko nilivyowahi kutwanga, sikutaka kusikia mawazo yangu.

Jumamosi tukakusanyika uwanjani. Baiskeli ililazwa katikati, na Ouko akasimama kando yake. Mzee Wangwe alisema. Alisema vizuri, kwa uchungu, na uchungu wake ulikuwa wa kweli: kaka yake alifukiwa na lile shimo, miezi mitano halijatoa kitu, na kumbe mali yake inatoka kwa baiskeli mbele ya macho yake. Watu wakaguna. Kisha Werema akauliza.

"Fundi, mchanga huu uliutoa wapi?"

Ouko akaniangalia. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake, mstari wa mbele, kati ya watwangaji wenzangu.

"Nilipata," akasema.

"Kwa nani?"

Akaniangalia tena. "Nilipata tu, kamanda."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nikamwona Boke na godoro lake kichwani. Nikawaona wanangu watatu wamekaa juu ya jiwe, Ezekiel amempakata mdogo wake, wananitazama mama yao mwenye maneno mengi. Nikaufunga. Nilijiambia labda watamwachia. Nilijiambia mchanga ni mchanga, wakimimina wataona vumbi, yataisha. Mwoga hakosi la kujiambia.

Wangwe akasema bomba lipasuliwe. Ouko akaomba apewe nusu siku ang'oe ekseli, atoe kigingi, amimine mbele ya kila mtu. Wakakataa, walisema atawachezea. Akaeleza kwamba bomba hilo likikatwa hakuna wa kuliunga kabla ya kufika Tarime mjini. Kwamba mke wake ameshakosa sindano tatu, ya leo ni ya nne. Wanawake wawili waliinama, na mimi nilikuwa mmoja wao.

"Mwenye neno aseme," akatangaza Werema, na alitutazama wote, mstari kwa mstari. "Msumeno ukishapita, neno limekwisha."



"Basi naomba nikate mwenyewe," akasema Ouko. "Nyie mtalichana."

Walimletea msumeno wa chuma kutoka kwenye sanduku lake mwenyewe. Alipiga magoti, akaweka alama kwa ukucha mahali ambapo pengine siku moja lingeweza kuvikwa bomba jingine na kuungwa. Akaanza kukata. Alikata taratibu, kwa mkono ule ulioungua, anasukuma, anapumzika, anainua macho, anasukuma tena. Jua lilikuwa limepanda. Wengine walilalamika kwamba anatuchelewesha, mmoja akataka kumpokonya, Werema akamkataza. Nadhani hakuna kazi aliyowahi kuifanya taratibu kiasi kile. Mwishowe bomba likaachia, na vumbi langu la wiki saba likamwagika kwenye karai.

Wangwe akaliosha mwenyewe. Alizungusha, akamwaga, akazungusha, akamwaga, mpaka ikabaki ile nyeusi ya chini. Akainamisha karai juani. Nyuma ya weusi kukatokea uzi wa njano, mfupi kuliko ukope.

Watu walipiga kelele kama mechi imeisha. Na Wangwe, mnajua alichofanya Wangwe? Alisahau kesi. Aliinua uso unaong'aa kama wa mtoto, akauliza, "Hii ilitoka jiwe gani? Nani alitwanga jiwe hili?" Miezi mitano mzee yule hakuwa ameona rangi ile. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba alitakiwa kukasirika.

Ouko alichapwa viboko kumi na viwili. Magurudumu, cheni na usukani vikachukuliwa. Aliambiwa asilale tena Nyabunyagi zaidi ya usiku ule mmoja. Alikusanya vipande viwili vya fremu, akaenda navyo ndani kwa mkewe. Mdomo huponza kichwa, wazee walisema. Midomo ya Wangwe na wenzake ilikiponza kichwa cha Ouko, na mdomo wangu uliofungwa ukakiponza cha mkewe.

Asubuhi yake nilipofika kwao na uji nilikuta mlango wazi na ndani hamna mtu. Niliwafuata mbio. Niliwakuta ng'ambo ya kijito, Ouko amemfunga Zilpa mgongoni kwa kanga mbili kama mtoto, anatembea ameinama mbele, na shati lake limegandamana na damu pale mwili wa mkewe ulipolalia viboko. Hakuwa amefika hata robo ya njia.

"Nipe," nikasema.

Alisimama. Nilidhani atanitemea mate. Alifungua kanga, akanipa mke wake, akabaki na sanduku lake la vyombo mkononi. Tukaenda. Zilpa hakuwa na uzito. Nimebeba madebe ya mawe mazito kuliko yeye. Pumzi yake ilinichoma shingoni.

Tulikwenda mpaka jua likawa kali. Tulipumzika mara nne, kisha tukaendelea. Karibu na mashamba ya mihogo ya Mbalibali akaanza kusema, polepole, sikioni kwangu.

"Agustina."

"Naam, mama Akech."

"Wale watu wote tumekaa nao miaka miwili. Tumewapikia misiba. Hakuna hata mmoja aliyemsemea mume wangu." Akapumua. "Ni wewe tu umekuja. Mungu akubariki wewe na watoto wako."

Ouko alikuwa nyuma yetu hatua mbili. Alisikia. Nikajua hapo kwamba hakuwa amemwambia, hata mkewe, kitandani, usiku wa viboko. Niliendelea kutembea na ile baraka mgongoni.

Tulifika alasiri. Nesi alisoma kadi, akahesabu kwa kidole, akauliza siku nne hizi mlikuwa wapi. Ouko akasema baiskeli iliharibika. Hakuongeza neno, wala hilo halikuwa uongo. Nesi alimchoma sindano, kisha akatoka nje na sisi. Hakutugombeza. Alisema atamwanzishia hesabu upya, ila tusimwulize anatarajia nini. Kanisa liliwapa banda la kuhifadhia mahindi, wakakaa humo. Kwa wiki mbili alionekana anashikilia. Kisha homa ikarudi jioni, kisha mashavu yakaondoka, kisha damu. Dawa ileile iliyokuwa imeyarudisha mashavu sasa iliingia mwilini kama maji. Alifariki Julai, tarehe nne, mchana, akiwa amesinzia.

Walimzika Shirati, nyumbani kwa mumewe. Nilikwenda, nikapanda gari Tarime na watoto wangu. Nililia kuliko ndugu zake, na watu walinionea huruma wakanipa kiti. Siku tatu nilizunguka boma lile nikitafuta nafasi ya kusema. Siku ya nne, kabla ya kuondoka, nilimkuta Ouko nyuma ya nyumba amekaa peke yake. Binti yao, Akech, alikuwa amelala kwenye mkeka karibu naye.

Nilipiga magoti. "Baba Akech," nikasema, "siku ile uwanjani..."

"Najua. Ulikuwa na watoto."

"Ungenitaja. Kwa nini hukunitaja? Walikuuliza mara mbili."

Alikuwa amekonda, na kile kiganja cha kulia kilikuwa kimepona vibaya, vidole havikunyooka tena.

"Ningekutaja mimi, ungekataa kwa hofu, wangetuchapa wote," alisema. "Lilitakiwa litoke kwako. Wewe ungesema ni la kwako, la ufagio, umenipa, wangegombana na wewe, bomba wangeliacha."

Nilivuta kanga yangu nikamfunika Akech.

"Nilikata polepole, mama Ezekiel," akasema. "Kila nikisukuma msumeno nilikuwa nakuangalia. Nilikuwa nakungoja."